Mahali Yangu Iko Tayari

Jumanne, 1 Aprili

Zulekha amenipa daftari la kurasa tisini na sita. Mbele, amesema, niandike kila neno la kazi ambalo silielewi, na maana yake nikiipata. Sikumwambia kwamba nyuma nitaandika yangu. Kwa hivyo mbele ni kazi na nyuma ni mimi, Nasimiyu, mama Nabwile, na sijui nani atafika katikati kwanza.

Kazi yenyewe ni hii. Zulekha ana duka karibu na msikiti hapa Kitale, na kutoka hapo anaingiza intaneti kwa nyumba za watu wa mtaa wa Tuwan. Kibiwott ndiye fundi. Anapanda nguzo, anavuta waya, anafunga rauta ukutani, anaongea lugha ya mashine, anaondoka. Halafu watu wanapiga simu dukani wakilia. Mimi nimechukuliwa miezi mitatu ya kujaribiwa, nikae na hao wanaolia. Nilimwambia Zulekha ukweli, kwamba shule niliachia kidato cha pili. Akasema hiyo ndiyo alikuwa anatafuta, mtu anayejua kutojua kukoje.

Miezi mitatu ikiisha anataka karatasi moja, pande mbili, yenye maneno yote ya mtandao kwa watu wa nyumbani.

"Andika kama unamwelezea mama mkwe wako," akaniambia.

Alisema hivyo akicheka. Hajui.

Mvua ya kwanza imepiga mabati leo jioni, kidogo tu, ikaacha.

Alhamisi, 3 Aprili

Mbele nimeandika maneno kumi na moja. Nimeelewa mawili.

Jumapili, 6 Aprili

Jumapili ni siku ya Nabwile. Nikitoka kanisani napiga simu ya picha kijijini Matulo, kwa mama mkwe wangu Nakhumicha, ambaye mimi namwita Mayi. Nabwile wangu anakaa kwake tangu tumzike Wamalwa, baba yake. Mtoto hakuwa amefika hata miaka miwili nilipomwacha nikaja Kitale kutafuta kazi, na sasa anaelekea minne. Simu wanayoshika ni ile ya Wamalwa. Mayi anaichaji kila siku, hata siku ambayo hakuna mtu wa kumpigia, na radi ikianza anaizima na kuizika ndani ya debe la maharagwe.

Leo Nabwile amemwita Mayi "mama" mara mbili mbele yangu. Mayi akamrekebisha, akamwambia yeye ni kukhu, nyanya yake, mama ni huyu kwa simu. Basi mtoto akaigeuza simu, akanitafuta nyuma yake.

Nimecheka hadi tukamaliza. Baadaye sikucheka.

Niandike pia maneno ya Mayi ya Krismasi, nisije nikayasahau au yeye akayasahau. Alisema nipate kazi ya kukaa na nyumba isiyovuja, na mahindi yakitoa ndevu niende tuongee habari ya kumchukua mtoto. Hakusema nitampata. Alisema tuongee. Mahindi yake yamepandwa wiki tatu sasa. Yako mbioni, na mimi niko mbioni.

Ijumaa, 11 Aprili

Chepchumba, anayeuza nguo mtumba, amekuja dukani amekasirika. Simu yake inaonyesha waifai imejaa, na hakuna kitu kinafunguka. Alikuwa tayari kusema tumemwibia. Nimemkalisha. Nimemwambia waifai ni kijia cha ndani ya boma, kutoka jikoni hadi langoni. Rauta ndiyo lango. Intaneti ni barabara kuu, iko nje. Unaweza kufagia kijia chako king'ae, lakini kama mto umebeba daraja huko nje, utafika langoni usimame hapo.

Akauliza kama daraja litarudi lini. Kibiwott akasema saa nane, na ikawa saa nane.

Zulekha alikuwa akisikiza kutoka nyuma. Alininunulia mandazi.

Kibiwott yeye ananicheka. Nikiongea haraka nasema "lauta", na tangu wiki ile ya kwanza ananiita Madam Lauta, hata mbele ya wateja. Sisi watu wa Bungoma ulimi wetu hauna ua kati ya hizo herufi mbili, zinatembeleana zinavyotaka. Nikiandika najua tofauti. Darasa la tano mwalimu alinichapa kwa sababu ya "kula" na "kura" mpaka nikaona heri kunyamaza, na labda hapo ndipo shule ilianza kuniisha.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Gambuti zinavuja.

Jumatatu, 28 Aprili

Leo nimepata neno ambalo nimelipenda. Ni "ping". Kibiwott anaketi kwa kompyuta, anaandika namba ya kifaa cha mteja, na kompyuta inatuma kitu kidogo sana huko kuona kama kuna mtu. Kikirudi, njia iko. Kisiporudi, hujui. Pengine njia imekatwa, pengine mwenyewe amezima, pengine yuko pale pale na amekataa kujibu.

Mbele nimeandika: Ping ni hodi.

Na lile la kumbukumbu na hifadhi pia nimelishika. Watu wanafikiri ni kitu kimoja. Kumbukumbu ya kompyuta ni kama meza, vitu unavyofanyia kazi sasa hivi viko juu yake, na ukizima meza inafutwa yote. Hifadhi ni ghala. Kilichoingia ghalani, stima ipotee isipotee, kitakuwepo.

Nimejiuliza Nabwile ameniweka wapi. Mezani au ghalani.

Jumapili, 4 Mei

Tumeongea dakika sita. Nabwile alikuwa na kikohozi. Mayi ameshampa limau na majani, na alinionyesha mahindi kupitia dirishani. Yamepita goti. Nilitaka kumuuliza kama bado anakumbuka maneno ya ndevu, nikaogopa.

Jumamosi, 10 Mei

Zulekha anataka kujua kila mmoja wetu yuko kwa mteja gani, ili asitupigie simu ovyo. Kwa hivyo Kibiwott ametuwekea kwa simu kile kitu ambacho simu yangu inakiita "Mahali". Ukikiwasha, unaonekana kwa ramani kama kidoti cha buluu, na mtu uliyemruhusu anakiona hata akiwa mbali. Nikauliza kama mtu wa Matulo pia anaweza kukiona. Akasema hata wa mwezini.

Nilifurahi kama mtoto. Nabwile asinitafute tena nyuma ya simu. Aone kidoti, aambiwe, mama ako hapa, hii ni barabara, hii ni mto, si mbali.

Mayi hasomi haraka, kwa hivyo nilimtumia ujumbe wa sauti hapo hapo, tukiwa tunakimbilia kwa mteja. Nilimwambia, "Mayi, mahali yangu sasa iko tayari. Kibiwott ndiye ameniwekea. Nitakuja nikuonyeshe uione, halafu tuongee ya mtoto." Na huyu Kibiwott, kwa sababu hawezi kukaa kimya, akapaza sauti nyuma yangu kwamba mama asiogope, hata yeye tutamtafutia yake.

Tiki mbili. Zikageuka buluu. Amesikiza.

Hajajibu, lakini Mayi si mtu wa kujibu haraka.

Jumapili, 11 Mei

Nimepiga, simu imezimwa. Radi ilikuwa kubwa. Itakuwa iko kwa maharagwe.

Jumatatu, 12 Mei

Nimemtumia salamu kwa sauti. Tiki moja.

Jumanne, 13 Mei

Tiki moja.

Jumatano, 14 Mei

Tiki moja. Wateja wananiuliza tiki maana yake nini, nawaambia vizuri kabisa: moja, ujumbe umetoka kwako, mbili, umefika, buluu, umesomwa. Nikimaliza kueleza naangalia yangu. Moja.

Jumapili, 18 Mei

Ni Jumapili ya pili bila kumwona Nabwile. Nimejiambia ni mtandao, si mtu. Nimefanya vile tunafundisha wateja wafanye, uanze na kitu kilicho karibu. Simu yangu iko sawa. Bando iko. Upande wangu unawaka wote. Lakini hilo ndilo kosa ninalowaona nalo kila siku, wanafikiri kama taa za kwao zinawaka basi mtandao ni mzima. Mtandao una pande mbili.

Nikampigia Tonny, shemeji yangu wa Webuye. Yeye huwa na mizaha mingi. Leo hakuwa nayo. Alisema mama ni mzima na mtoto ni mzima. Nikamuuliza kama simu imeharibika.

"Simu haijaharibika," akasema. "Wewe unajua chenye ulifanya."

Akakata.

Nimekaa kitandani nikihesabu niliyoyafanya. Sikupata.

Jumatano, 21 Mei

Tiki moja.

Jumapili, 25 Mei

Nimetoka Matulo saa hii, gambuti ziko mguuni bado, na nitaandika kabla sijazivua kwa sababu nikizivua nitalala.

Mahindi yamenifika begani. Niliyaona kabla ya kuona mtu. Mayi alitoka kwa mlango, akanipokea vizuri, na hapo ndipo nilianza kuogopa. Alinipangusia kiti chenye kitambaa. Kisha chai ikaja, na ikaja kwa kikombe cha maua.

Nyumba hiyo nimeishi miaka mitatu. Ninanywa kwa kikombe cha bati cha kijani, mdomo wake umebanduka rangi, na hakuna mtu mwingine hukigusa. Kikombe cha maua ni cha pasta, na cha wageni wanaokuja na habari nzito. Nilikishika kwa mikono miwili, kama mgeni.

Nilitafuta ndala za Nabwile mlangoni. Hazikuwa.

"Ako Lwakhakha," Mayi akasema. "Kwa shangazi yake."

Lwakhakha ni mpakani. Ukivuka daraja uko Uganda. Nilimuuliza kwa nini mtoto apelekwe huko bila mimi kuambiwa. Akasema na yeye kuna vitu aliambiwa vibaya.

"Hukuja kuniambia kwa mdomo, Mama Nabwile. Ulinitumia kwa simu ya mtoto wangu."

Nilifikiri nimeelewa. Kazi hii ya Zulekha nilimwambia kwa simu mwezi wa tatu, sikwenda. Na najua kuna watu wa kanisa letu hawapendi kusikia msichana wao ako kwa duka la Waislamu. Nikaona hiyo ndiyo shida. Kwa hivyo nilijitetea, na sasa nikikumbuka kila neno nililosema, naona uso wake ukifungwa zaidi, na sijui ni kwa nini.

Nilimwambia, "Ni watu wazuri, Mayi. Wananiheshimu."

"Umeshazoea huko."

"Nimezoea. Mwezi wa saba wananichukua kabisa."

Aliweka birika chini. Aliangalia picha ya Wamalwa ukutani muda mrefu, kama anamuuliza yeye. Kisha akasema niende na amani, mimi ni kijana, hanizuii. Lakini mtoto wa Wamalwa hatalelewa kwa nyumba ya watu.

Nilisema maneno mabaya. Nilimwambia mimi ndiye nilimzaa. Akasema hakuna mtu amekataa kwamba nilimzaa. Nilimwambia anataka mtoto wangu ajaze pengo la mtoto wake. Hilo nilisema, na liko ghalani sasa, halitafutika.

Alinifungia maharagwe na ndizi kwa karatasi vile unafungia mgeni. Niliyaacha langoni.

Ndevu bado. Niliangalia.

Alhamisi, 29 Mei

Zulekha ameuliza karatasi imefika wapi. Nimemwambia iko karibu. Haiko. Kila nikianza sentensi namwona Mayi ameketi mbele yangu, na simtaki hapo.

Jumapili, 1 Juni

Nimemtumia Mayi ujumbe wa sauti kwamba nampenda Nabwile na nataka kumsikia tu, hata akikohoa. Tiki moja. Nimeshapiga hodi mpaka mkono umeuma.

Jumatano, 4 Juni

Radi imepiga nguzo ya Tuwan na kuchoma rauta tatu. Wenyewe wote watatu wamesema hakuna mtu aliwaambia wachomoe. Niliwaambia, kwa mdomo wangu, mlangoni kwao. Hawakuamini kwamba moto wa mbinguni unaweza kupita kwa waya mwembamba vile.

Nikirudi dukani nimewaza, Mayi hajawahi kuambiwa na mtu yeyote. Yeye peke yake alijua kuzima simu na kuificha. Ile simu ndiyo kitu cha mwisho ambacho kidole cha Wamalwa kiligusa, na mwanamke yule amekaa nayo miaka miwili akiikinga na kila mvua. Na mimi nilimwambia habari ya pengo.

Nimeanza karatasi. Nimeandika: Ukisikia radi, chomoa kwanza, uliza baadaye.

Jumatatu, 9 Juni

Karatasi imeisha. Maneno ishirini na mbili. Zulekha ameniambia nisimletee bado, nikaisomeshe kwanza kwa mteja mmoja mtu mzima, na asiponiuliza maswali mengi, imepita.

Jumanne, 10 Juni

Niandike polepole.

Mteja niliyemchagua ni Mzee Wepukhulu. Alikuwa karani wa serikali Bungoma, amestaafu, amejenga hapa Tuwan, na yeye na mke wake wanabishana siku nzima kwa furaha. Nilimpa karatasi, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti kama anasoma tangazo la chifu. Rauta akaisoma "lauta", nikafurahi kuwa si mimi peke yangu. Neno la siri akalipenda, pale nimeandika kwamba jina la mtoto wako si neno la siri, kila jirani analijua. Kwenye hodi akacheka. Kisha akafika neno la kumi na sita.

"Mahari," akasoma. "Simu yako inaweza kuonyesha watu mahari yako. Usiruhusu kira mtu kuiona."

Akavua miwani.

"Ati simu inajua mahari yangu? Si hiyo niriripa yote, bana."

Mke wake akajibu kutoka jikoni kwamba bado ng'ombe moja, na hiyo simu ikiwa na akili iseme.

Waliendelea kuchekana. Mimi nilikuwa nimesimama na sisikii tena. Nilitoka nje kwa kibaraza, nikafungua simu, nikarudi nyuma hadi tarehe kumi Mei. Nikasikiza sauti yangu mwenyewe. Nilikuwa naongea haraka, tunakimbia, na mtu huyo kwa simu, ambaye ni mimi, anasema wazi kabisa:

"Mayi, mahari yangu sasa iko tayari. Kibiwott ndiye ameniwekea. Nitakuja nikuonyeshe uione, halafu tuongee ya mtoto."

Na mwanaume nyuma anacheka, anasema mama asiogope.

Niliketi kwa ngazi. Mjane wa mtoto wake anamtangazia mahari, kwa simu ya marehemu, na jina la mwanaume analitaja. Halafu nikaenda hadi kwake, nikanywa chai yake, nikamwambia ni watu wazuri, wananiheshimu, mwezi wa saba wananichukua kabisa.

Mke wa Mzee alitoka akaniuliza kama ni habari mbaya. Nikamwambia hapana, ni habari ya zamani, ndiyo sasa nimeisikia.

Jumatano, 11 Juni

Nimemweleza Zulekha yote. Alianza kucheka, akaona uso wangu, akaacha. Kibiwott yeye alitaka kutuma ujumbe wa sauti kumwomba mama msamaha. Zulekha na mimi tukasema "hapana" kwa mdomo mmoja.

Simu imeshaongea ya kutosha. Kesho naenda.

Ijumaa, 13 Juni

Nilifika Matulo jana kabla ya adhuhuri, mvua ikiwa imelowesha nyasi tu. Mayi alikuwa shambani. Sikungoja kiti. Niliingia katikati ya mistari ya mahindi, nikasimama mbele yake na matope, nikamwambia sina mwanaume. Hakuna ng'ombe. Nina kazi, na ulimi mbaya.

Hakunielewa kwanza. Nilimweleza kuhusu kidoti, kuhusu ramani, kuhusu neno. Nilisema "mahali" polepole, na ulimi kwa meno, vile mwalimu alitaka. Akaniangalia vile unaangalia mtu anayeuza dawa sokoni.

"Nilisikia na masikio yangu," akasema. "Na yule mwanaume akasema hata mimi mtanitafutia yangu. Nikajiuliza, mimi, na hii miguu, nani analeta ng'ombe."

Hapo nilishindwa. Nilicheka nikilia, na sikujua ni ipi inatangulia. Yeye hakucheka. Aliniambia twende ndani.

Alitoa simu kwa debe, akaipangusa maharagwe, akaiwasha. Ilikaa kidogo ikitafuta njia. Kisha ujumbe ukaanza kuingia, yote ya mwezi mzima, ikalia na kulia juu ya meza kama bisi kwa sufuria. Kwangu mkononi tiki zikawa mbili, mbili, mbili. Mayi akasikiza ya tarehe kumi kwanza. Akairudia. Akairudia tena, macho yamefungwa. Halafu akasikiza zile zingine moja moja, ile ya kusalimia, ile ya kuuliza kama mvua imebomoa choo, ile ya kwamba nataka kumsikia Nabwile hata akikohoa.

Zilipoisha aliipangusa simu tena kwa leso.

"Nilisikia chenye nilikuwa naogopa," akasema. "Ungesema neno lingine lolote, ningesikia hilo hilo."

Nikamwomba msamaha kwa habari ya pengo. Alisema pengo liko, sikudanganya, isipokuwa mtoto hajazi pengo, anakaa tu kando yake. Kisha akasema mimi bado kijana, na iko siku itakuwa mahari ya kweli.

"Siku hiyo nitakuja kwa mdomo, Mayi."

"Uje."

Alisimama kuweka chai. Nilisikia anatafuta kitu kwa kabati, akirudisha vyombo vingine nyuma. Kikombe cha kijani kilikuwa na vumbi ndani. Alikisuuza mara mbili.

Tonny ametumwa Lwakhakha leo. Na jioni, nikitoka chooni, niliangalia shamba vizuri. Mahindi ya upande wa mto yametoa ndevu, nyekundu, zimelowa.

Jumamosi, 14 Juni

Nabwile amefika amebebwa na Tonny begani. Ameongezeka urefu. Nilipiga magoti nikafungua mikono. Alijificha nyuma ya leso ya Mayi, akanichungulia.

"Wewe ni mama ya simu?"

Nilimwambia ndiyo. Alizunguka nyuma yangu, akaangalia. Akarudi mbele. Sikumshika. Tunaambia wateja, rauta ikiwashwa upya ipe dakika, usianze kubonyezabonyeza.

Ilichukua mpaka saa ya uji.

Ijumaa, 20 Juni

Zulekha amesoma karatasi mara mbili. Amefika neno la kumi na sita akauliza mbona nimelibadilisha. Nimeandika "Pahali". Yeye ni mtu wa Kiswahili safi na nilikuwa tayari kukosolewa. Akasema pahali pia ni Kiswahili, na nibaki kazini, nisingoje mwezi uishe.

Kibiwott bado ananiita Madam Lauta. Nimemwacha.

Jumapili, 22 Juni

Nabwile ako na mimi Tuwan tangu jana. Amelia kwa sababu ya kukhu asubuhi yote, na kila akilia ananitazama kama mtu aliyemnyang'anya kitu, na ni kweli. Nimemwambia muhula ukifungwa tunarudi Matulo kula mahindi ya kuchoma. Hajui muhula ni nini. Chumba kinavuja kona moja tu, nimeweka beseni, na ameipenda sauti yake.

Kabla tuondoke, Mayi aliniomba nimwekee kile kidoti. Nilikaa naye kwa benchi, nikamwonyesha pa kubonyeza, akabonyeza yeye mwenyewe na kidole kilichopinda cha jembe. Aliuliza kama Wamalwa angekuwa na kidoti. Nikasema angekuwa nacho. Nilipogeuka langoni alikuwa amesimama na simu mbele ya uso, ananiangalia humo, na mimi niko hapo tu, hatua thelathini.

Mbele nimeandika hadi ukurasa wa hamsini na moja. Nyuma nimebakisha huu tu, tukutane.

Saa saba mchana simu imelia. Ni ujumbe wa sauti wa Mayi, wa kwanza maishani mwake, na nyuma kuku wanasikika. Anaongea kwa nguvu, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto.

"Mama Nabwire. Pahari yenu naiona. Mtoto amekura?"

Ningeweza kujibu polepole, na ulimi kwa meno. Nimembeba Nabwile mapajani, tukabonyeza pamoja.

"Amekura, Mayi."

Tiki mbili.